Mkuku Mrefu wa Mzee Mutsinzi

Mzee Mutsinzi wa Niboye alikuwa na dharau ya kugawia mtaa mzima na ikabaki ya kuweka. Asubuhi aliidharau redio kwa utabiri wake wa mvua, mchana akaudharau mchuzi wa dada yake Winifred, na jioni, kikombe cha chai mkononi, akawageukia watu aliowadharau kuliko wote duniani: wenye mashua za mkuku mfupi. Hao hakuwamaliza hata siku moja. Usingizi ulimkuta bado anawasema.

Mkuku, kwa asiyejua, ni uti wa mgongo wa chombo cha majini, lile gogo linalolala chini kabisa na kubeba mbavu zote. Na wasiojua walikuwa wengi, maana huu ni mji wa Kigali, ambako maji mengi yanayoonekana ni yale ya matangi meusi juu ya mapaa ya watu. Hapo uani kwake, kati ya jiko na ukuta wa jirani, mzee alijenga mashua ya tanga. Alianza Gaju, bintiye wa pekee, akiwa bado sekondari. Hakufundishwa na mtu. Alikulia Mwanza, akawatazama mafundi wa ziwani, akayasoma majarida ya mabaharia yaliyokuwa yakifungiwa karanga sokoni, na pale majarida yalipochanika akajaza kwa akili yake.

Kilichotoka mikononi mwake hakikuwa kitu cha kuchezea. Kilikuwa chombo cha safari: kizito, kipana kiunoni, tumbo likishuka taratibu hadi kwenye mkuku ulioanzia karibu na pua ukaenda mpaka nyuma kabisa, na usukani umefungwa mwishoni mwa mkuku huo, umejificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya mama. Mti uelee, mwamba uwepo, kamba za wavuvi zitande, vyote vitapita chini bila kuugusa.

"Mkuku mfupi," mzee alikuwa akisema, "ni sahani iliyobandikwa kisu chini. Inakimbia, ndiyo. Hata mwizi wa simu anakimbia. Lakini achia usukani upige chafya moja, ukifumbua macho imeshaelekea kwa watu wengine. Chombo changu ukikionyesha njia kinaishika mpaka ukikataze."

Hapo ndipo alipokuwa akileta habari ya nahodha wa Mwanza aliyefia usukanini katikati ya ziwa. Chombo chake, kwa kuwa kilikuwa cha mkuku mrefu, hakikutambua kwamba kuna aliyekufa. Kiliendelea na njia usiku na mchana, mawimbi yakikipiga ubavuni nacho kinayapasua polepole bila hata kumwaga uji uliokuwa jikoni, kikamfikisha marehemu Bukoba kwa mke mdogo aliyekuwa amekusudiwa, ambaye mke mkubwa hakuwa na habari zake.

"Na uji ulikuwa bado wa moto," alikuwa akimalizia, akikutazama uone haya kwa kutoamini.

Majirani walijaribu kumwita Nuhu. Waliacha wenyewe. "Nuhu?" mzee aliwauliza siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. "Ile safina ilikuwa na mkuku? Ilikuwa sanduku! Ndiyo maana ilikwama mlimani kama mbuzi aliyepotea. Msinilinganishe na mafundi wa makabati."

Lakini kuna jambo moja ambalo hakulisema mbele ya wageni. Upepo ukitoka kule nahodha anakotaka kwenda, chombo cha tanga hakiwezi kuuendea usoni. Sharti kiende kwa kupinda, mara kulia mara kushoto, na mabaharia hukuita huko kubisha. Chombo chepesi hubisha kama kinacheza ngoma. Chombo cha mkuku mrefu hubisha kama mzee anayeinuliwa kitini: pua huja nusu, husita, huutazama upepo, kisha hurudi ilikotoka kana kwamba haikuambiwa kitu. Dawa yake ni moja. Mtu wa mbele asiliachie tanga dogo. Alishikilie upande uleule wa zamani, upepo ulipige kinyume, uisukume pua mpaka ivuke. Ikishavuka, ndipo aachie.

Gaju aliijua dawa hiyo vizuri kuliko sala. Jioni ngapi za ujana wake alikaa kwenye pua ya mashua ile, uani, kwenye nchi kavu, kamba ya tanga mkononi, baba yake akinguruma nyuma: "Shikilia! Shikilia... usiachie, mwanangu, bado... achia!" Njiwa wakaruka kwenye paa la jirani. Hakuwahi kulowana kwa ajili ya chombo kile isipokuwa kwa mvua.

Na kwa ajili ya chombo hichohicho hakuwa ameolewa. Mchumba wa kwanza alisema mashua inafanana na kiatu. Akatoka. Wa pili aliambiwa mapema na mtaa, akaja amejipanga, akakubali kila neno la mzee tangu soda ya kwanza hadi ya mwisho. Mzee akasema mtu anayekubali kila kitu ni ubao unaoelea, na binti haolewi na ubao. Mara zote mbili Gaju alipiga magoti, akasihi, akalia. Kila chozi lilikuwa upepo wa nyuma. Mzee alizidi kunyooka na njia yake.

Wa tatu alikuwa Jean-Luc, fundi wa lifti za maghorofa ya mjini, mpole, aliyekulia Bujumbura kandokando ya ziwa Tanganyika. Gaju alimpenda kwa namna ambayo hakutaka kuijadili na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja na ilikuwa kubwa: alikuwa na mashua. Iko ziwani Muhazi, nyeupe, nyepesi, na mkuku wake mfupi kama ulimi wa kiatu. Mzee Mutsinzi alipelekwa kuitazama. Akaitazama mara moja, akasema "kijiko," akaomba arudishwe nyumbani.

Hata hivyo hakukataa. Alisema waje kwenye gusaba, ile siku ambayo upande wa kijana huja na msemaji wake kuomba binti, na msemaji wa upande wa binti huwakebehi na kuwanyima mbele ya watu mpaka wakubaliane. Ila aliweka sharti, akampa Winifred alipeleke.

"Wapigie hao jamaa wa Burundi. Waambie kwangu hatoki binti kabla sijaona kama wanajua mkuku mrefu ni nini."

Winifred alipiga simu huku anakaanga sambaza, samaki wadogo wa Kivu, mafuta yakirukaruka. Upande wa pili alikuwa Cyriaque, baba mdogo wa Jean-Luc, ndiye umukwe mukuru, yaani msemaji wao. Kwa kuwa mafuta hayangojei, Winifred alifupisha.

"Mzee anataka mkuku mrefu!"

"Anataka nini, mama?"

"Mkuku mrefu! Bila huo hamtoki na binti!"

"Ah, kuku murefu. Hakuna shida, mama. Kuku iko."

Kiswahili cha Kigali na Bujumbura huyavua maneno herufi zao za mbele kama viatu mlangoni. Mkuku ukishavuliwa ni kuku, na kuku ni kuku. Cyriaque alimuuliza Jean-Luc kama jambo hilo lina maana yoyote. Jean-Luc, ambaye mambo ya matanga alifundishwa kwa Kifaransa na neno mkuku hakuwahi kulisikia, alisema tu: "Baba mdogo, mzee yule anaweza kutaka chochote. Tafuta mrefu kweli."

Siku yenyewe ikafika. Mahema yalifungwa kuizunguka mashua, maana mzee alikataza isisogezwe hata kwa kidole. Chombo kikasimama katikati ya sherehe juu ya mkuku wake, magogo machache yakikishika ubavu, upande wa binti kushoto kwake, wageni kulia, na mtu aliyetaka kumwona shemeji mtarajiwa alilazimika kuchungulia chini ya usukani. Msemaji wa heshima alikuwa ameletwa kutoka Remera, bwana mwenye suti na ulimi. Mzee alimsikiliza kidogo, akamwambia akae ale. Akashika kipaza sauti mwenyewe, jambo ambalo baba wa binti halifanyi. Tena akatangaza kwamba mambo yataendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa matusi mazuri yote aliyajulia Mwanza.

Gaju alikuwa ndani, kwa kuwa binti hatokei mpaka aitwe. Alisimama nyuma ya pazia katika mushanana wake wa dhahabu, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, Winifred pembeni yake akipepea jasho.

"Tumekuja," Cyriaque alianza, amesimama chini ya pua ya mashua, "kuomba ua lililochanua katika boma hili."

"Ua? Mmepotea njia," mzee akamjibu. "Hapa tunaranda mbao."

Watu wakacheka. Cyriaque akainama kwa adabu. "Tumesikia iko binti."

"Alikuwepo. Kachukuliwa juzi na watu wenye ng'ombe wanene kuliko wewe."

"Hao ng'ombe wetu ndio uliwaona, mzee. Walitangulia kuja kusalimu."

Ikachekwa zaidi. Hata Gaju alitabasamu. Yule baba mdogo alikuwa bingwa. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha baba yake akaishusha sauti kama mtu anayefunga mlango.

"Na lile nililowaagiza?"

"Tunayo, mzee. Tena murefu kuliko ulivyotegemea."

Mzee Mutsinzi akatabasamu. Wallahi alitabasamu, Gaju aliliona jino la pembeni ambalo lilikuwa halijaonekana tangu mlingoti usimamishwe. Mzee alidhani anakwenda kusikia hotuba juu ya mkuku, hatimaye, katika mji huu wa matangi. Akajiweka sawa kuisikiliza.

Lililetwa tenga lenye utepe mwekundu. Kifuniko kikaondolewa. Akatoka jogoo.

Alikuwa ametafutwa Gitega nzima huko Burundi, na waliomtafuta hawakufanya mchezo. Miguu yake ilikuwa mirefu kama ya mtu aliyepanda ngazi, shingo ikaendelea pale miguu ilipoachia, na kichwa kidogo cha juu kiliwatazama wageni kwa dharau ambayo mpaka siku hiyo ilidhaniwa ni ya mzee peke yake.

Watu walioletewa kuku kwenye gusaba, mahali ambapo huletwa ng'ombe, hawajui wacheke au wavae koti.

"Hiki ni nini?" mzee akauliza.

"Kuku murefu, mzee. Kama ulivyosema."

"Mkuku!"

"Ndiyo. Kuku."

"M-kuku!"

"Mu-kuku," Cyriaque akarudia kwa heshima kubwa, kama mtu anayejifunza jina la mkwe. "Iko hapa."

Jogoo, kwa upande wake, aliona mahali palipo juu kuliko pote akaparukia. Akatua kwenye pua ya mashua, akajikung'uta, akawika.

Uso wa mzee ulikaza kama tanga lililofungwa vibaya. "Nimejenga chombo hiki kwa mikono yangu," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Mnaniletea kuku apande juu yake mbele ya watu. Mmeniona mimi banda?"

Jean-Luc akasimama. Heri angekaa. "Mzee, kuna kosa la maneno, mimi mwenyewe nina mashua..."

"Una kijiko! Kaa! La, usikae. Ondokeni. Wote, na ndege wenu. Binti hatoki."

Cyriaque alikuwa mpole lakini hakuwa mkeka. Akavuta koti lake. "Mutsinzi," akasema, na safari hii hakusema mzee, "kwetu mtu akitolewa nje ya uzio mbele ya watu wake, harudi. Tukivuka geti hilo, usitume mtu kutuita."

Gaju aliyasikia hayo nyuma ya pazia. Kijana hawezi kuja kuomba mke bila baba zake, na baba zake walikuwa wanaokota makoti.

"Kimbia ukapige magoti," Winifred akamnong'oneza, machozi tayari. "Nenda umlilie baba yako, mwanangu, haraka!"

Gaju hakukimbia. Alitazama nje, akamwona baba yake amesimama amenyooka kama nguzo ya umeme, pua mbele, ameshika njia. Machozi ni upepo wa nyuma. Amelia mara mbili, akamfikisha mbali mara mbili. Chombo kile hakisukumwi kwenda unakotaka. Akaokota kanga, akajifunga kiunoni juu ya mushanana, akatoka nje peke yake, hajaitwa na mtu, na mahema yote yakavuta pumzi.

"Baba ana haki," akasema. "Waondoke."

Mzee akageuza shingo. "Nini?"

"Nimesema waondoke. Watu wa kuku! Na huyu naye," akamwelekezea Jean-Luc kidevu, "na kijiko chake cha Muhazi. Nilikuwa kipofu. Nikaolewe na mtu ambaye mashua yake ikigeuka anahitaji kuuliza njia?"

Jean-Luc akabadilika rangi. Alifungua mdomo. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa kulia wa Gaju, uliokuwa umebanwa ubavuni, ngumi imekazwa, kiwiko nyuma, mkono wa mtu aliyeshika kamba inayovuta. Alikuwa baharia, hata kama wa kijiko. Akafunga mdomo. Akamgeukia Cyriaque, akasema kwa sauti ya kusikika: "Sawa, baba mdogo. Wenye nyumba wametufukuza. Twende."

"Subiri," mzee akasema. "Nani wenye nyumba? Nyumba hii ina wenyewe wangapi?"

"Mimi na wewe, Baba," Gaju akasema. "Tumekataa."

"Mimi nimekataa! Wewe nani kakuuliza? Tangu lini binti anafukuza wageni wangu kwa mdomo wake?"

Pua ilikuwa imeanza kuja. Gaju aliona, akashikilia.

"Wageni gani, Baba? Walioleta kuku?"

"Wageni ni wageni! Mtu katoka Bujumbura..."

"Asante Yesu!" Winifred akapiga kelele dirishani, mikono juu.

"Asante ya nini?" mzee akamrukia, na pua ikasita palepale, ikautazama upepo. Uso wake ukaanza kurudi ulikotoka. "Kuna nini hapa cha kushukuru? Watu wameninyea juu ya chombo..."

Gaju akaikaza ngumi. Wageni wa nyuma walikuwa wameshafika getini. Akavuta zaidi.

"Ndivyo, Baba. Na huyo jogoo achinjwe sasa hivi. Shangazi, lete kisu. Kuku hana kazi kwenye chombo."

Mzee Mutsinzi akamtazama binti yake kama mtu aliyeambiwa kwamba maji hayalowanishi.

"Hana kazi?" akasema polepole. "Kuku hana kazi kwenye chombo? Nani kakufundisha upuuzi huo, wakati nimekulea mimi? Watu wa Ukerewe walikuwa hawang'oi nanga bila jogoo! Na si jogoo yeyote, wa miguu mirefu, ili aone nchi kavu kabla ya nahodha. Ukungu ukishuka, mtu haoni hata mkono wake, nani anawika? Kuna jogoo mmoja aliitambua Kisumu kwa harufu tu! Alipokufa walimzika na kofia!" Akaugeukia umati, kipaza sauti kimerudi kinywani, sauti imejaa. "Nyinyi mnacheka kwa kuwa hamjui. Huyu bwana Cyriaque, ambaye mnamwona mshamba, kaleta kitu ambacho hakuna mtu Kigali nzima aliyefikiria kukileta kwenye chombo changu. Na binti yangu, niliyemsomesha, anataka kisu! Rudini mkae! Nani kawaambia mtoke? Getini hapo, wewe, rudi!"

Pua ilikuwa imevuka.

Gaju akafungua ngumi. "Kama unavyosema, Baba," akasema kwa sauti ndogo.

Cyriaque hakuwa bingwa bure. Akalirudisha koti kitini, akainama mbele ya mashua, si mbele ya mzee, akasema: "Basi, tumekuja kuomba ua. Na baharia wetu tumeshamtanguliza."

Watu wakapiga makofi. Mzee akamwambia kwamba ua lenyewe ni jeuri, halijui kazi ya kuku, na wakilichukua wasilirudishe. Akaongeza kwamba huyo kijana wa kijiko atakuja hapa uani kila Jumamosi, akae nyuma kwenye usukani, ajifunze maana ya kushika njia, na siku atakapotamka mkuku vizuri ndipo watazungumza habari ya kuishusha mashua Muhazi. Geti lisilopitisha chombo? Geti litavunjwa. Geti ni kitu cha watu wasio na mahali pa kwenda.

Vinywaji vikazunguka. Gaju akaitwa rasmi sasa, akapita na wasichana wake kati ya mahema, akawakumbatia wakwe mmoja mmoja, Jean-Luc akabaki amemshika mkono ule wa kulia na kumkanda vidole. Alipofika kwa baba yake, mzee alikuwa amesimama chini ya pua ya chombo, anamtupia jogoo punje za mahindi na kumwambia kwamba wenzake wote wa Gitega ni wafupi wasio na adabu.

Akainama, akamnong'oneza Gaju bila kumtazama:

"Uliachia mapema kidogo."

Gaju akaganda. Kisha kicheko kikamtoka puani. "Lakini uligeuka, Baba."

"Nani? Mimi?" Mzee Mutsinzi akamtazama kwa dharau yake yote, ile iliyobaki ya kuweka. "Mimi sikugeuka. Upepo ndio uligeuka."